Nilisema Mjukuu Wangu Ana Pepo wa Kijapani

Ulikuwa mwaka ule vitunguu vilipoadimika madukani, tukawa tunakula pilau nyeupe kama chakula cha mgonjwa. Mliopo Oman mtaukumbuka. Pilau isiyokaangiwa kitunguu mpaka kikawa rangi ya kahawa si pilau, ni wali uliokosa adabu! Basi mwaka huo wa pilau nyeupe ndio niliompoteza mjukuu wangu… Wala hakufa. Yu hai, mzima, anakula na kunywa. Lakini nimempoteza, na mkono uliompoteza ni huu wangu ulioshika simu.

Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na kitu, mjane, nakaa Ibra. Nilizaliwa Unguja, Malindi. Kurani nilihitimu, skuli nilisoma madarasa machache tu, kisha nchi ikaharibika na mimi nikatiwa ndani kushona kofia. Kwa hiyo mnisamehe wasomaji wenzangu kama maandishi yangu yanakwenda kama mazungumzo. Ndivyo ninavyojua. Lakini nimelea watoto kwa sindano hii, na sijapata kumwinamia mtu.

Mwanangu Asya alifariki akamwacha Rayya hata meno hajamaliza kuota. Baba wa mtoto, Saif, ni Mwarabu wa Sur, mtu wa heshima zake, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Alipooa tena nikamwambia, niachie mtoto. Akakubali, lakini kwa sharti, na alilisema mbele ya wazee, akiniita khala kwa heshima.

"Khala, atakaa kwako na atasoma mpaka amalize. Lakini siku nitakayosikia neno baya juu ya binti yangu, namchukua Sur siku hiyo hiyo, na masomo basi."

Neno baya! Nikacheka moyoni. Neno baya litoke wapi, na mtoto nimemlea mimi? Nani angedhani kuwa litatoka kinywani mwangu mwenyewe?

Nilimlea Rayya kwa Kiswahili. Nje Kiarabu, skuli Kiingereza, ndani kwangu Kiswahili. Akikisema upande upande, masikini, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. "Chakula yako, bibi." "Nywele yangu imefungana." Mimi namrekebisha: "Chakula changu! Nywele zangu zimefungamana!" Anacheka, "Aywa bibi, zangu," kisha dakika ile ile anarudia kosa lile lile.

Lakini alikuwa ndiye mtu pekee katika nyumba ile niliyeweza kusema naye. Kiarabu changu ni cha sokoni na cha kuswalia. Kuota naota kwa Kiswahili, kutukana natukana kwa Kiswahili, na nikimpenda mtu nampenda kwa Kiswahili. Sina lugha nyingine ya kazi hiyo.

Ukimtoa Rayya, nilikuwa na Nasra. Nasra ni shoga yangu tangu Malindi, tumesuka nywele pamoja, tumehamia Oman pamoja. Yeye anakaa Fanja, mwanawe ana cheo kikubwa serikalini. Kila asubuhi tukimaliza kahawa tunapelekeana sauti kwenye simu, ndefu, za umbea na kucheka mpaka machozi.

Na tulikuwa na mzaha wetu, ambao ndio ulioniua. Unguja ya zamani kulikuwa na ngoma za pepo, na mama mdogo wa Nasra alikuwa kiti, yaani yule ambaye pepo humpanda. Pepo alikuwa na jina lake, nguo zake, chakula chake na lugha yake. Sisi wasichana tukichungulia na kucheka, tunapigwa makofi. Tokea hapo, mmoja wetu akishikwa na kitu asichoweza kukiacha, mwenzake husema kapandwa na pepo wa kitu hicho. Nasra alipokolea tamthilia za Kituruki asipokee hata simu, mimi nilisema kapandwa na pepo wa Kituruki. Naye aliona ninavyotazama mieleka, akasema mimi nina pepo wa Kimarekani, mnene, anavaa chupi juu ya suruali.

Mizaha ya vikongwe wawili. Ilikuwa na ubaya gani?

Rayya akafaulu, akaenda kulliya, yaani chuo, kule Nizwa, akawa anakaa sakani, nyumba ya wanafunzi wa kike. Mwaka wa kwanza alikuwa akirudi Alkhamisi midomo imefungwa. Alikuwa akila peke yake kule. Wenzake walimwona hajakamilika, Mwarabu nusu, Mswahili nusu, mpole kupita kiasi. Nikamwombea kwa Mungu apate wenzake. Naam, niliomba mimi! Na Mungu akasikia.

Mwaka wa pili akaingia jikoni siku moja, uso umechanua. "Shikamoo bibi! Nimeingia katika chama."

Mikono yangu ikasimama ndani ya unga. Ninyi mliozaliwa juzi hamjui, lakini kwetu tuliotoka Unguja chama si neno la kuchezea. Chama kiligawa nyumba, kikagawa misiba na maharusi, na mwisho wake tuliuona kwa macho. Nilihisi baridi mgongoni, na ilikuwa mchana wa jua kali!

"Chama gani?"

"Chama yetu ya wasichana tu."

"Chama chetu cha wasichana."

"Chama chetu. Tunatazama katuni ya Kijapani."

Nikakaa chini. "Watu wazima na akili zenu mnatazama katuni?"

"Bibi, wewe unatazama mieleka."

"Mieleka ni ya kweli!"

Akacheka mpaka akashika mlango. Sikuwahi kumwona akicheka vile tangu aende Nizwa. Na baridi ile mgongoni nikaipuuza… Laiti ningeisikiliza!

Chama chenyewe kilikuwa cha wasichana waliokuwa wakila peke yao kama yeye. Walikuwa wakikutana baada ya Alasiri, wanatazama, wanagombana. Wanagombana kweli, wallahi, juu ya mtu aliyechorwa kwa kalamu, kama afadhali amuoe yule mwengine aliyechorwa kwa kalamu au asimuoe! Wakilia, wanalia kwa kwikwi. Kila mmoja alikuwa na jina la Kijapani la kuitwa na wenzake, na nguo za kushona za yule anayempenda. Rayya akaanza kukataa pilau yangu ile nyeupe, anataka tonge za wali zilizofungwa kwa mwani. Mwani! Kitu ambacho kwetu tulikuwa tukikisukuma kwa miguu pwani.

Halafu nikakuta nywele za buluu katika ndoo ya msalani, zinaelea kama kiumbe. Nilipiga ukelele mpaka jirani akaja. Kumbe nywele za bandia, Rayya kaziroweka zinyooke.

Walikuwa wanatayarisha mchezo wa kuchekesha kwa siku ya wasichana kule kulliya, wanawake watupu ukumbini. Mchezo wenyewe ulikuwa juu ya chama chao, wanajicheka wenyewe: msichana mmoja anasahau mtihani kwa sababu shujaa wake kafa katika katuni, wenzake wanamwekea shujaa huyo matanga, wanapika na kahawa. Rayya alipewa nafasi kubwa, yule mtoto wa kunong'ona! Akaniomba nimshonee kola. Nikamshonea kwa ushonaji wa kofia, tundu kwa tundu, kazi ambayo siku hizi ukiitafuta huipati. Nilijivuna, sifichi.

Ijumaa moja wakaja wote Ibra kujaribu nguo. Nyumba yangu ikajaa mikanda, mapanga ya kadibodi na nywele za kila rangi. Alikuwepo Maryam wa Tanuf, mrefu kama mlingoti, sauti ya muadhini. Walisikia Rayya akiniita bibi, wakadhani Bibi ndilo jina langu, basi kwa Kiarabu chao ni "ya Bibi, pini," "ya Bibi, mkasi." Maryam akanivika mimi nywele za pinki akaniambia sasa mimi ndiye mudira, mkuu wa chama. Nikajitazama kwenye kioo. Nilicheka, jamani… nilicheka kama niliyekuwa na miaka kumi na tano.

Na katika kicheko hicho nikachukua simu nimpelekee Nasra. Haya ndiyo niliyosema, neno kwa neno, kwani nimeyasikia mara nyingi baadaye:

"Shoga, njoo uone! Mjukuu wangu kapandwa na pepo wa Kijapani, nywele za buluu, hataki pilau, anataka mwani. Kashakuwa kiti! Na wenzake wote wa kulliya viti, nyumba imejaa mapepo, na mimi ndiye mganga wao!"

Rayya peke yake ndiye aliyefahamu. Wale wengine hawajui Kiswahili, waliniona nacheka wakacheka na wao. Rayya akanishika mkono, anacheka lakini macho yake hayacheki. "Bibi, futa. Mtu atasikia."

"Mtu gani? Nasra ni mimi," nikamwambia. "Nasra na mimi ni kitu kimoja."

Nikabonyeza. Ikaenda.

Nasra alicheka, akanipelekea kicheko chake. Kisha akampelekea dada yake acheke. Dada yake akampelekea mkwe wake acheke. Mkwe alikuwa Mwarabu asiyejua Kiswahili, akamwomba kijana wa nyumbani amfasirie. Na yule kijana, Kiswahili chake kama cha Rayya, cha kiatu kimoja, akaandika Kiarabu chini ya sauti yangu: bibi huyu anasema mjukuu wake kaingiwa na jini wa Japani, na wanafunzi wenzake wa kulliya Nizwa wote wameingiwa, na yeye bibi ndiye mchawi anayewatibu. Neno kiti lilimshinda. Kaandika "wamekuwa viti". Hebu fikirini mtu asome hivyo asiogope!

Mimi sikuyajua hayo. Nilikuwa natia vifungo.

Nikayajua katika nyumba ya msiba hapa hapa Ibra. Tumekaa wanawake kwenye busati, kahawa inapita. Msichana mmoja karibu na mlango kainamia simu yake, mara nikasikia kicheko. Mtu anakijua kicheko chake. Ilikuwa mimi! "Shoga, njoo uone…" Sauti yangu, katika simu ya mtu nisiyemjua, nyumbani kwa maiti!

Mwanamke aliyekuwa akimimina kahawa akatikisa kichwa. "Haya mambo wameyaleta wao, watu wa Zinjibar. Masikini huyo msichana."

Mnajua, huku ukitosheka na kahawa unatikisa kikombe ndipo wasikumiminie tena. Mimi nilisahau kutikisa. Akamimina nikanywa, akamimina nikanywa, nikawa nakunywa kama mtu aliyehukumiwa, na sauti yangu inacheka pale mlangoni. Hakuna aliyejua kuwa mwenyewe ndiye mimi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliogopa kufungua mdomo watu wasije wakanitambua.

Nilipofika nyumbani nikampigia Nasra. Akaniambia, "Aa, shoga, nilimpelekea dada tu. Utapita umbea huu, watu watachoka." Nikamuamini. Kwa nini nisimuamini?

Haukupita. Wazazi wakaanza kupiga simu kulliya. Msimamizi wa sakani akafungua makabati ya wasichana, akatoa nywele, akatoa mapanga ya kadibodi, akatoa kola yangu. Mchezo ukafutwa. Chama kikafungwa. Ndugu zake Maryam wakatoka Tanuf wakaja kumchukua dada yao, na yule msichana mwenye sauti ya muadhini akaingia garini bila ya sauti.

Rayya akanipigia, analia. "Bibi, umefanya nini?" Akaniambia Maryam kabla hajaondoka alimuuliza: siku ile Bibi alipokuwa akicheka na simu, tulicheka naye. Kumbe alikuwa anatutukana mbele ya nyuso zetu, na wewe ulijua? Hakuna aliyesema na Rayya tena. Alirudi kula peke yake.

Mimi nikajifariji kwa kitu kimoja: Sur ni mbali, labda Saif hajasikia. Kila gari lililopita nje, nilisimama. Kila simu ilipolia, nilitazama jina kwanza. Nikawa nasali huku masikio yangu yako barabarani.

Akaja Ijumaa, baada ya swala, Rayya yuko nyumbani. Hakuja peke yake. Alikuja na shekhe mmoja wa kusomea watu, mzee wa ndevu nyeupe, ubani wake umemtangulia mlangoni. Saif hakukaa. Hakugusa tende wala kahawa, na mtu akiingia nyumbani kwako asiguse kahawa, ujue hakuja kwa heri.

Rayya akakalishwa katikati ya zulia. Shekhe akasoma, akasoma, kisha akamwinamia. "Wewe ni nani? Taja jina lako!"

"Mimi ni Rayya binti Saif."

"Si wewe! Huyo aliyemo ndani yako. Wa Japani."

Jamani… kikanitoka kicheko! Sikukitaka, kilinitoka kama chafya, kwa hofu. Na kilikuwa kicheko kile kile, cha kwenye simu. Saif akageuka akanitazama, na nikaona usoni mwake kuwa shaka yake imekwisha.

Akatoa simu, akaiweka mezani, ikacheka nayo. "Khala, hii ni sauti yako au si yako?"

"Yangu."

"Umesema jini au hukusema?"

"Nimesema pepo, lakini…"

"Lakini nini?"

Hapo ndipo Kiarabu changu kilipokwisha. Mtu atasema vipi, kwa maneno ya sokoni na ya kuswalia, mambo ya ngoma ya Malindi na wasichana wawili waliopigwa makofi kwa kuchungulia? Nilisema mzaha, nilisema mchezo, nilisema tunacheka tu. Akaniuliza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali: "Muislamu anafanya mzaha na majini?"

Rayya akasimama. "Baba, ni kweli, ni maneno ya kuchezea, wanaitana hivyo…"

Shekhe akanyanyua mkono. "Anasema yeye au anasemeshwa?"

Mkishafikia hapo, msichana atajitetea kwa kinywa kipi? Kila atakalosema watasema kasema jini! Nikaona mlango mmoja tu uliobaki. Nikamwambia Saif, mpigie Nasra. Nasra Kiarabu chake safi, mwanawe unamjua, Nasra atakufahamisha mzaha wetu.

Akampigia, akaweka sauti juu. Akamsalimia kwa heshima zote. Mimi nikainamia simu nikasema kwa Kiswahili, "Nasra, waambie. Waambie mambo ya pepo wa Kituruki. Wanataka kumchukua Rayya!"

Nyuma yake nikasikia televisheni, muziki wa tamthilia, ule ule wa Kituruki, wallahi. Kisha akajibu, si mimi, akamjibu Saif, kwa kile Kiarabu chake kizuri:

"Mwanangu, mimi mambo ya pepo siyajui, wala sijapata kuyafanyia mzaha. Niliyoletewa ndiyo niliyosikia."

Akakata.

Nimekaa na jambo hili sana na najua sababu yake. Mwanawe ana cheo, na watu wenye vyeo wakinong'onwa "wachawi wa Zinjibar" hawalali. Akajikosha yeye, tope likabaki kwangu. Malindi, kusukana nywele, kahawa za asubuhi zote zile… akazifuta kwa maneno mawili matatu, na Waturuki wake wanalia nyuma yake.

Saif hakupiga kelele. Alimwambia Rayya afungashe. Shekhe akaamrisha vile vitu alivyorudi navyo Rayya kutoka sakani vichomwe, vikachomwa uani pangu, mchana kweupe. Nywele za bandia zikatoa moshi mweusi wa plastiki. Kola yangu ilichelewa kushika moto, pamba nzuri, nilishona kwa mikono yangu… Nikaitazama mpaka ikawa majivu.

Rayya hakulia. Alikuwa na mwaka mmoja tu kumaliza. Aliingia garini, nikamfuata mpaka dirishani, nikamwambia, "Rayya, mwanangu, sema na bibi yako. Nitukane, lakini sema."

Akanitazama kama mtu anayekumbuka kitu. Akasema:

"Bibi, mimi Kiswahili sisemi tena."

Na hayakuwa na kosa hata moja. Miaka yote ile ya kumrekebisha, na hayo ndiyo maneno yake yaliyonyooka kuliko yote.

Gari likaondoka. Nikabaki na nyumba.

Masomo ndiyo hivyo, basi, kama baba yake alivyoapa. Mwanzo alifungiwa ndani kule Sur. Baadaye mke wa baba yake, Mungu amlipe, alimwombea, akapata kazi Ras al Jinz, kule kasa wanakokuja kutaga, anawaeleza wageni mambo ya kasa. Nikimpigia anapokea, haki yangu ananipa. Ananiuliza afya, dawa, kwa Kiarabu. Mimi najibu alhamdulillahi. Kisha tunaagana. Yale ninayotaka kumwambia hayamo katika Kiarabu changu, nayo hayana pengine pa kwenda.

Nasra amenipelekea sauti. Nyingi. Sijafungua hata moja, na sitofungua. Labda anaomba radhi, labda anasimulia tamthilia. Zikae huko huko.

Ndugu zangu wasomaji, hasa nyinyi wanawake wenzangu mlio wakubwa, mliopewa simu na wajukuu zenu mkafurahi… nakuombeni. Mzaha wenu wa zamani msiutie katika simu! Mzaha unamtaka mtu aliyekuwepo. Ukiutoa ukaenda peke yake kwa watu wasiokujua, unafika umevaa nguo nyingine, na kule hakuna wa kuutetea. Na mtoto akikwambia futa, futa. Usimwambie nani atasikia. Na usimdhamini mtu, hata kama mmesukana nywele, ukasema "fulani ni mimi". Hakuna fulani aliye wewe. Mimi nilikuwa na mtu mmoja wa kusema naye ndani na mmoja wa kusema naye kwenye simu, na kwa sauti moja ya kuchekesha nimewapoteza wote wawili.

Mwezi uliopita nilimwomba jirani anipeleke Ras al Jinz. Vitunguu vimerudi siku nyingi, basi nikapika pilau ile ya haki, rangi ya kahawa, nikaifunga kwa taulo isipoe. Rayya alinibusu kichwa na mkono. Amekonda. Alikula pilau yote mbele yangu, akalamba na vidole, na mimi nikaanza kupata tamaa.

Wakaingia wageni, mume na mke, wazee, Wajapani. Rayya akasimama, akainama, akawasemesha kwa lugha yao! Ile aliyoiokota katika katuni, na wale wazee wakapigwa na mshangao, wakacheka, yule bibi wa Kijapani akamshika mikono. Na Rayya akacheka pia, kile kicheko cha kushika mlango. Nilikuwa nimekaa na bakuli tupu mapajani. Kiarabu anasema, Kiingereza anasema, na Kijapani anasema.

Walipoondoka nikamshika mkono wa abaya. Nilimwambia, mwanangu, sikuombi urudi, sikuombi unisamehe, mimi ni mtu mzima nimezoea. Niambie neno moja tu. Chakula yako, nywele yangu, kosea utakavyo, sitokurekebisha. Neno moja nende nalo Ibra.

Akaifuta mikono yangu mafuta ya pilau, kidole kwa kidole, taratibu kama mtu anayemshughulikia mgonjwa. Kisha akanyanyua macho.

"Bibi, mimi Kiswahili sisemi tena."